Gari Lililofundishwa Kupumua Kimyakimya

Jana usiku, usingizi uliponichukua tu, niliota nimeitwa kwenye mazishi ya mke wangu. Tena nimeitwa kikazi.

Nasema hivyo ili msije mkadhani nilikwenda kulia. Nilikwenda na sanduku la spana. Mbele ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Usangi, palikuwa na maturubai, masufuria ya wali, na watu wote ninaowajua wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja ameziba mdomo kwa kiganja. Katikati ya uwanja lilisimama gari la chama chetu cha kuzikana.

Gari hilo lipo kweli, halikuzaliwa ndotoni. Ni la zamani mno, la enzi za kuwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele. Mwenye shamba moja la mkonge alilitelekeza huko tambarare alipoondoka, chama kikaliokota, kikakata nyuma, kikatengeneza mahali pa kulaza jeneza. Mimi ndiye ninayelitunza. Lina nguvu kama punda aliyetukanwa, lakini lina kasoro moja: linapovuta hewa linakoroma. Siyo bomba la moshi, huko nyuma ni shwari. Ni mbele, kwenye mdomo wa kabureta. Likipanda kilima cha makaburini linavuta pumzi nzito kama mtu anayekata roho, na wafiwa wakisikia wanatazama jeneza. Kuna msiba mmoja wabebaji walikimbia, na mmoja wao mpaka leo anasali kanisa jingine.

Mama Senzighe, mwenyekiti wa chama, akaja kunipokea. Ni mama mwenye mwili na sauti, aliyewahi kumkatiza mchungaji kaburini kwa kurefusha mahubiri. Ndotoni alikuwa vilevile, ila kivuli chake kilikuwa kimetangulia na kilikuwa kimeshakaa.

"Pole, fundi Semvua," alisema.

"Nimeshapoa, Mama Mwenyekiti. Nani amefariki?"

"Nakijwa."

"Nakijwa yupi?"

"Wako. Lakini usichanganye mambo. Kama mume utaitwa wakati wa kuweka shada. Sasa hivi umeitwa kama fundi."

Nikakubali. Ndotoni mtu anakubali mambo ambayo akiwa macho angeyarushia kiti.

"Amekufa na nini?"

"Ameacha kusikika."

Hapo nieleze kidogo. Nakijwa ana pumu. Tangu nimwoe, kifua chake kinapiga filimbi mbili: ya juu anapovuta, ya chini anapotoa. Mimi humtania kwamba kifua hicho kinataka kusafishwa kabureta. Yeye hunijibu kwamba kifua chake kinapanda kilima bila kusukumwa, tofauti na magari ya mafundi fulani. Ndivyo tunavyoishi, na tumeishi vizuri.

"Mlimwangalia?" nikamuuliza Mama Senzighe.

"Tulimsikiliza. Kamati nzima, tumeinama kitandani kama kuku wanaokunywa maji. Hatukusikia kitu."

"Na gari lilikuwa wapi?"

"Hapo dirishani kwenu, limewashwa, linakoroma, tayari kwa safari. Si tulijua tutalihitaji?"

Nikaona ni utaratibu mzuri. Nikafungua sanduku la spana.

Mama Senzighe akanipa masharti. Kilima cha makaburini, alisema, kimeota masikio. Nageuka kutazama, na kweli nayaona. Yamejipanga pande zote mbili za barabara, yametoka ardhini kama uyoga, ya kijivu, mapana kama nyungo. Mengine yana hereni.

"Waliolala kule juu wamechoka kulala bila pumzi," alisema. "Wakisikia ya mtu, wanaichukua. Kuanzia kona ya kwanza, pumzi itakayosikika inabaki hukohuko na mwenyewe."

"Ndiyo maana watu wameziba midomo."

"Wanafanya mazoezi."

"Na sharti jingine?"

"Gari lisipungue nguvu. Likisimama njiani, marehemu anazikwa palepale liliposimama. Fundi anawekwa chini yake, kama msingi."

"Kwa hiyo mnataka livute hewa ileile, kwa nguvu ileile, na mtu asisikie."

"Hatuna makuu," alisema Mama Senzighe.

Jeneza lilikuwa limeshapakiwa. Nilipolipita nililigonga kidogo kwa kidole, kama ninavyogonga tangi la mafuta kujua limebaki kiasi gani. Sikujua kwa nini nimefanya hivyo. Nikaenda mbele, nikainua boneti.

Kabureta ilinitazama. Ilikuwa na mdomo wa shaba na meno machache, na ilionekana haijalala vizuri kwa miaka mingi.

"Shikamoo," nikasema, maana umri wake ni wa babu yangu.

"Marahaba. Mkono wako unanuka vitunguu."

"Natoka msibani."

"Uko msibani."

"Mzee, kwa nini unakoroma?"

"Sikoromi," ilisema. "Nafungiwa mlango. Huku ndani kuna silinda nne, na kila silinda ina mlango wake. Hewa inaitwa, inakuja mbio, inaingia. Mara vali inafungwa. Ile iliyokuwa nyuma yake inagonga mlango kwa paji la uso, inarudi ilikotoka, inapita mdomoni mwangu inalalamika. Wewe ungefungiwa mlango huku unanusa pilau, ungenyamaza?"

"Kwa hiyo kelele siyo ya hewa inayoingia."

"Inayoingia inapata wapi muda wa kupiga kelele? Kelele ni ya iliyokataliwa."

Basi mimi ufundi nimesomea chini ya magari, na masomo mengine yaliniangukia kifuani. Nilifanya kile ambacho kila fundi hukifanya kwanza. Nikachana kipande cha blanketi, nikakisokomeza mdomoni mwa kabureta.

Kukawa kimya. Watu kwenye viti wakanipongeza kwa kupunga vidole, viganja vikiwa bado midomoni.

Sasa tupo kilimani. Sikumbuki kuondoka. Gari linapanda, linapunguza, linatetemeka, linafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta ya taa.

"Umenikaba," linasema kutoka ndani ya blanketi.

"Vumilia, mzee."

"Wote wanaokaba husema hivyo."

Linaanza kurudi nyuma. Waombolezaji wanalisukuma kwa vichwa, kwa kuwa mikono ina kazi nyingine. Kando ya barabara wachimba kaburi wawili wameshaanza kuchimba, na mmoja, mwenye koti la mvua, ananipima kwa mpini wa jembe.

"Lala hapa kidogo, fundi," ananiambia. "Tuone miguu inafika wapi."

"Gari halijasimama."

"Tunajua. Tunajipunguzia tu kazi."

Nachomoa blanketi. Gari linabwia hewa kwa kishindo, na masikio yote ya kilimani yanageuka kutuelekea, taratibu, kama alizeti. Bahati yetu hatujafika kona ya kwanza. Mama Senzighe ananisogelea, kivuli chake mbele.

"Nilisema linyamaze," ananong'ona. "Sikusema lizirai."

Hapo gari likawa jikoni kwangu.

Mlango wa jiko letu haupitishi hata kabati, lakini sikuuliza. Gari lilikuwa limebanana kati ya mafiga na ukuta, na jeneza limelaza kichwa karibu na chungu. Waombolezaji wamejipanga nje, wanachungulia dirishani mmojammoja kwa zamu. Ukutani, kwenye msumari wake wa siku zote, kilining'inia kibuyu alichotuachia baba mkwe, kile tunachokijaza dengelua, pombe ya miwa, siku za sherehe. Kibuyu kikakohoa.

"Mnahangaika," kilisema. "Niteremsheni."

Nikakiteremsha. Kina tumbo kubwa na shingo ndefu, na kilikuwa bado kinanuka arusi ya mwisho. Nikachukua msumeno, nikataka kukitoboa chini nikichomeke moja kwa moja mdomoni mwa kabureta.

"Njiani hapana!" kikapiga yowe. "Ukiniweka njiani, mimi nami nitakuwa mlango wa kufungia wenzangu. Niweke pembeni. Chukua bomba pana, pana kuliko huo mdomo wa mzee, asibanwe mahali popote. Litoboe ubavuni, uunganishe shingo yangu hapo. Niwe kama nyumba iliyo kando ya barabara."

"Halafu?"

"Hewa itapita na safari yake, haina haja na mimi. Ila sauti ina tabia ya kuchungulia nyumba za watu. Itachungulia, nitaikaribisha, itazunguka humu tumboni, itasahau ilikokuwa inakwenda."

"Haitatoka?"

"Umeshamwona mgeni aliyetoka kwangu akiwa anakumbuka njia?"

Nilikuwa namkumbuka shemeji yangu aliyelala kwenye mgomba, kwa hiyo sikubisha. Nikakunja bati, nikapata bomba pana, nikaunganisha kibuyu ubavuni. Nikazungusha hendeli. Gari likawaka, na ule mkoromo mzito, ule wa kukata roho, ukaingia kibuyuni na haukutoka. Kibuyu kikacheua.

Lakini ilibaki sauti nyembamba. *Ssss*, kama chai inayotaka kumwagikia motoni.

"Hiyo siijui," kilisema kibuyu. "Mimi napokea nzito tu."

"Nyembamba ni mtoto," ilisema kabureta. "Haitaki nyumba, inataka kitanda. Tandika kuta za bomba kwa kitu laini, katikati uache wazi nipite. Nasema katikati uache wazi. Usije na blanketi lako tena."

"Sufi," nikasema.

Sufi ndani ya nyumba ile ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye mto wa Nakijwa. Aliikusanya mwenyewe kwenye mti wa kwao, akaichambua mbegu kwa mkono huku anapiga chafya, akashona mto usiouzwa dukani. Na mto huo ulikuwa umekwenda naye jenezani, chini ya kichwa chake.

Mama Senzighe alikuwa amekaa juu ya jeneza anakula wali.

"Halifunguliwi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Misumari ni ya chama."

"Nataka sufi kidogo tu."

"Kuna tundu hapo kwenye ubao, upande wa kichwa. Vidole viwili. Zaidi ya hapo ni kikao."

Mkononi nilikuwa na nati. Ni nati ya shaba yenye mabawa mawili, inayokaza bomba kwenye kabureta. Katika mkoa mzima hakuna nyingine inayoingia kwenye gari lile. Nikaibana midomoni. Ndivyo tunavyofanya gereji: mikono ikijaa, nati inakaa midomoni. Nakijwa amenigombeza kwa tabia hiyo tangu anijue. "Siku moja utaimeza," huwa ananiambia, "na mimi sina spana ya kuifuata huko."

Nikaingiza vidole viwili tunduni. Nikavuta sufi, kidogo, kidogo tena.

"Ina joto," nikasema, midomo imebana.

"Ni jua hilo," alisema Mama Senzighe. Tulikuwa jikoni.

"Na ina unyevu."

"Machozi ya wafiwa."

"Wafiwa wako huku nje, Mama Mwenyekiti."

"Basi ni ya kwake. Na yeye ni mfiwa. Ameondokewa na watu wote kwa mpigo."

Nikaona amejibu vizuri. Nikajaza mfuko sufi.

"Kwa vile umeshainama hapo," aliendelea, anachokonoa jino, "mwage mkeo kabisa. Tutaokoa muda kule juu."

Nikasogeza midomo kwenye tundu. Nilitaka kumwambia kitu cha maana, maana miaka yote nimemwambia utani. Nikafungua mdomo, na nati ikatumbukia ndani.

Nikasubiri isikike ikigonga ubao. Haikugonga. Ilikuwa kama imedakwa.

"Umesema nini?" aliuliza Mama Senzighe.

"Nati."

"Ni neno zuri. Fupi."

Bomba nikalifunga kwa utepe wa mpira wa tyubu, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka likakaa. Sufi nikaitandika ndani kama ninavyomtandikia mgeni, katikati nikaacha wazi. Nikazungusha hendeli.

Sikusikia kitu. Nikadhani halijawaka. Nikaweka kiganja juu ya boneti, nikahisi linatetemeka kwa furaha.

Tupo kilimani tena, na safari hii tunapanda kweli. Gari linakula mwinuko kana kwamba ni tambarare. Nipo nyuma, nimekaa kando ya jeneza, na mbele usukani unajizungusha wenyewe.

"Sijavuta hewa hivi tangu waniteremshe melini kwa kamba," linasema gari kwa sauti ya chini kabisa. "Nguvu zote zipo. Na sijisikii. Ni kama nimekufa vizuri."

Tunapita kona ya kwanza. Masikio ya barabarani yamelala, mengine yamejikunja. Waombolezaji wanatufuata kwa miguu, mashavu yamevimba, nyuso zimeanza kuwa za bluu, na hakuna anayethubutu kupumua. Mchimba kaburi mwenye koti la mvua anatembea sambamba nasi, amenuna. Mama Senzighe amekaa mbele, ananionyesha dole gumba.

Naona fahari. Nakiri naona fahari, kwenye gari la maiti ya mke wangu. Nawaza jinsi mafundi wa Same watakavyokuja kutazama. Nawaza nitakavyomsimulia Nakijwa jioni, na atakavyonikejeli.

Kwenye kimya hicho ndipo ninaposikia.

Filimbi ya juu.

Halafu hakuna kitu, kwa muda mrefu.

Halafu filimbi ya chini.

Fundi akiwa na gari moja kwa miaka mingi anajua kila mlio wake, hata akiwa amelala. Mimi sauti hiyo nimelala nayo.

"Mzee," nanong'ona. "Ni wewe huyo?"

"Siyo mimi," linasema gari. "Mimi nimetandikiwa."

Nasogea mbele, namgusa Mama Senzighe begani.

"Mama Mwenyekiti. Mke wangu anapumua."

Hageuki. "Hilo lingeletwa kwenye kikao."

"Kikao kilikuwa na gari dirishani! Mlikuwa mnasikiliza gari!"

"Punguza sauti, fundi. Na wali umeshaliwa. Unataka watu wazima watapike?"

Filimbi ya juu tena, safari hii nyembamba zaidi. Sikio moja lenye hereni linainuka kando ya barabara. La pili linafuata. Tunaingia kona ya pili, na huko mbele, mpaka getini kwa makaburi, naona kilima kizima kinasimamisha masikio.

Nanyoosha mkono kwenye tundu la ubao, naliziba kwa kiganja. Kiganja kinapata joto. Halafu nafikiria ninachofanya, natoa mkono haraka kama nimeungua. Nimetoka kuziba mdomo mmoja kwa blanketi asubuhi hii hii, na niliona mwisho wake.

Ukoromaji wa gari ndio uliomfanya Nakijwa aonekane amekufa kule nyumbani. Hapa kilimani, ukoromaji huohuo ndio pekee ungeweza kumficha. Na mimi nimeumaliza, kwa ustadi, nguvu zote zikiwa zimebaki.

"Mzee," naliambia gari. "Koroma."

"Umenitandikia sufi kama bibi arusi, sasa unaniambia nikorome?"

"Wameanza kumsikia. Nataka wakusikie wewe."

"Pumzi inayosikika huku haishuki tena."

"Najua."

Gari linapanda tu, kimya, na kila linapovuta nahisi pumzi moja imekwenda bure.

"Huyu mama wa jenezani," linasema mwishowe, "kila kabla ya msiba hunifuta vumbi. Wewe hujawahi."

"Sijawahi."

"Hunifuta huku anakohoa, na mimi nakoroma. Tunaelewana sana. Bomoa."

Naruka mbele kupitia ubavuni. Nakata utepe wa tyubu kwa meno. Bomba linang'oka, kibuyu kinaanguka na kuviringika kilimani kikiwasalimia watu, sufi inaruka juu yetu sote kama theluji ya Kilimanjaro iliyopotea njia. Na gari linakoroma.

Siyo mkoromo ninaoujua. Gari linavuta majani, linavuta kofia, linavuta kanga ya Mama Senzighe na kivuli chake. Masikio yote yanaligeukia. Halafu naona pumzi yenyewe inatoka mdomoni mwa kabureta, ndefu, ya kijivu, inavutwa kuelekea juu kama kamba inayotolewa kisimani, na kwa kila pigo gari linazama, kwanza matairi, halafu ubao wa kukanyagia. Wachimba kaburi hawachimbi. Wanatazama tu, wamevua kofia.

Nipo juu ya jeneza. Sina spana. Sanduku lilibaki jikoni, ambako gari liliondoka bila kupita mlangoni. Nakwaruza kichwa cha msumari kwa kucha. Mwingine. Kutoka ndani kitu cha shaba kinagonga ubao, taratibu, kama mtu aliyechoka kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nakuja," nasema. "Nakuja, mama, nakuja."

"Huyo marehemu siyo wa chama tena?" anauliza Mama Senzighe.

Gari linameza funda la mwisho. Nasikia vali inafungwa. Nasubiri ifunguliwe.

Haifunguliwi. Kilima kizima kimenyamaza, na mimi navuta msumari.

Niliamka ninakwaruza ubao wa kitanda. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Vidole vyangu viwili vilikuwa vinatoka damu kwenye kucha, na nyumba ilikuwa kimya.

Nyumba yetu haijawahi kuwa kimya.

Nakijwa alikuwa amelala ubavu, ananipa mgongo. Nikamgeuza. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, macho yapo wazi, na kifua kinapanda na kushuka bila kutoa sauti yoyote, kama gari lililosokomezwa blanketi. Daktari wa zahanati alishanionya: filimbi zikilia, mpe dawa, filimbi zikiacha na mtu bado anahangaika, hapo ndipo ukimbie. Nikamkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikampulizia dawa yake, nikampulizia tena, huku nampigia kelele jirani kupitia dirishani awashe pikipiki. Sikumtania. Nilisahau hata kama najua kutania.

Mama, nikamwambia, piga kelele. Koroma. Amsha kijiji.

Nikangoja. Nje pikipiki ikagoma, ikagoma tena.

Ndipo ikaja. Nyembamba, imechanika, lakini ndiyo yenyewe: filimbi ya juu. Na baada yake ile ya chini. Nikaendelea na dawa mpaka zikaanza kufuatana, na rangi ikaanza kurudi midomoni mwake kidogo kidogo, na pikipiki ikawaka.

Mkono wake wa kulia alikuwa ameukunja ngumi tangu nilipomgeuza. Nikajaribu kuuingiza kwenye sweta, ukakataa.

"Fungua mkono, tukuvishe," nikasema. "Tunakwenda zahanati."

Akaufungua. Kiganjani palikuwa na nati ya shaba yenye mabawa mawili.

Nati hiyo niliikaza mwenyewe jana jioni kwenye gari la chama, gereji, kabla ya kufunga. Ufunguo wa gereji nalala nao shingoni, na ulikuwepo shingoni. Nikaichukua. Ilikuwa ya moto kama imetoka kwenye injini, na kwenye bawa moja kulikuwa kumenasa unyuzi wa sufi.

"Nilikwambia utaimeza," alisema Nakijwa, kwa sauti isiyozidi karatasi. "Bora mimi niliidaka."

Nikamwingiza mkono kwenye sweta.

"Tulikuwa tumefika wapi?" nikamuuliza.

"Kona ya pili." Akavuta, filimbi ya juu. Akatoa, filimbi ya chini. Akavitazama vidole vyangu vyenye damu, akavitazama sana. "Na siku nyingine misumari usiing'oe kwa kucha, fundi. Una gereji nzima."